Nukta Saba Zilizofutwa

Kuna video ya fundi akiifufua Trapper, kisu cha kukunja cha Case. Naanza na hukumu: kisu kimeharibiwa, tena na mtu anayeijua kazi.

Kutu ya kwenye kiungo aliilainisha kwa mafuta, springi akaisafisha bila kuilegeza, mfupa wa mpini hakuugusa. Hapo hana deni.

Kisha akawasha gurudumu la kung'arishia. Bapa la chrome vanadium lilikuwa na utandu wa kijivu unaokaribia samawati, ule unaoletwa na miaka ya kukata kamba, matunda na nyama. Akalisugua mpaka likawaka kama kijiko kipya. Hata hapo ningevumilia, maana kisu kikitumika utandu hurudi. Lakini aliendelea. Alikiinamisha kisu, akalikandamiza shina la bapa kwenye gurudumu, pale pale penye mhuri. Itazameni. Mwanzoni, chini ya CASE XX U.S.A., nukta saba zinahesabika. Gurudumu linapita mara moja, zinabaki mbili zilizofifia. Linapita tena, chini ya maandishi chuma ni kitupu.

Nukta zikipotea hazirudi. Mwaka 1970 kiwanda cha Case, kule Bradford, Pennsylvania, kilianza kupiga nukta 10 na kupunguza moja kila mwaka. Kwa hiyo saba ni 1973. Zikifutwa zote, mhuri unasomeka kama wa 1965 hadi 1969. Fundi huyu amekiongezea kisu umri wa uongo, hata kama hakukusudia, na atakayekinunua kesho atalipia miaka ambayo hakina. Mimi niliwahi kuilipia miaka ya namna hiyo. Tangu siku ile sitoi hela kabla ya kuliangalia shina kwa lenzi.

Nimesema mara nyingi katika safu hii, na nitasema tena: kung'aa si kupona. Kampuni ya visu ya Imperial Schrade, ya Ellenville, ilifungwa mwaka 2004, na jina la Schrade likaendelea kupigwa kwenye visu vinavyotengenezwa China. Jina peke yake halitoshi tena kutuambia kisu kilitoka wapi na lini. Ndiyo maana kila alama ndogo ya shinani ina thamani. Hata Tony Bose, fundi wa visu wa Indiana, ambaye maumbo yake Case walianza kuyatengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990, alivichukua visu vya kale kuwa walimu wake. Mwalimu hafutwi uso.

Kipande cha mkanda wa karatasi, upana wa kidole, kingetosha kuufunika mhuri ule.

Ninayo Trapper ya nukta saba. Mabapa yake yamefifia, na yakifungwa hulia kwa sauti kavu, ya uhakika. Baada ya kuitazama ile video niliitia tone la mafuta, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, nikazihesabu. Zipo zote.