Sarufi ya Kiti cha Enzi

Msomaji anayefungua sura ya 4 ya Ufunuo akitaka kujua Mungu anafananaje ataifunga mikono mitupu. Mlango umefunguliwa mbinguni, sauti mfano wa tarumbeta imemwita Yohana apande, naye anapofika, jicho lake linatua kwenye kiti. Kiti kwanza; aliyeketi baadaye. Hata huyo aliyeketi hapewi jina wala uso. Anatajwa kwa tendo lake tu, kukaa, kisha analinganishwa na mawe mawili, yaspi na akiki, huku kiti kikizungukwa na upinde wa mvua wa rangi ya zumaridi. Tumepewa rangi bila mchoro.

Yohana hakushindwa na kalamu. Manabii aliowasoma walikuwa wamekwisha kuthubutu zaidi yake. Ezekieli, katika sura yake ya 1, aliona juu ya kiti umbo mfano wa mwanadamu, akalieleza kuanzia kiunoni kwenda juu na kuanzia kiunoni kwenda chini. Isaya, katika sura ya 6, aliona pindo za vazi zikilijaza hekalu. Yohana anawachukulia manabii hao viumbe wao wenye mabawa na wimbo wao wa utakatifu unaorudiwa mara tatu, lakini kiuno anakiacha, na vazi analiacha. Mwandishi anayekopa kiasi hicho kisha akakiacha kilicho kinono zaidi ana lake jambo. Jambo lenyewe limo katika sarufi: Yohana hamchori mfalme, anachora mahali. Enzi ya Mungu anaieleza kwa kuonyesha kila kitu kingine kimekaa wapi.

Hesabu maneno. Katika Kigiriki cha sura ya 4, yenye aya 11 tu, neno la kiti cha enzi linatokea mara 14, na karibu kila mara limefungwa na neno la mahali. Aliyeketi yuko juu yake. Upinde wa mvua na wazee 24 wanakizunguka. Umeme na ngurumo vinatoka kwake. Taa saba za moto na bahari ya kioo viko mbele yake. Wenye uhai wanne, wale viumbe wenye mabawa, wako katikati na pande zote kukizunguka. Hakuna kinachotajwa bila kuelezwa kilipo, na hakuna mahali pasipopimwa kutoka kwenye kiti. Sisi tulio na PA, KU na MU katika lugha yetu, na tunaojua kwamba barazani mtu husomwa kwa mahali alipoketi kabla hajafungua kinywa, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Yohana ametuingiza kwenye baraza na kutuonyesha mpangilio wa viti. Hadhi ya kila mmoja tunaijua kabla ya neno la kwanza kusemwa.

Mpangilio huo una fundo moja. Wenye uhai wanne wawezaje kuwa katikati ya kiti na papo hapo kukizunguka? Anayejaribu kulichora hilo kwa penseli atakwama. Lakini fundo hilo ni kosa kwa anayesoma maono kama ramani ya seremala tu. Maneno mawili ya mahali yanayogombana yanamwambia msomaji kwamba kitovu hiki hakipimwi kwa futi: waliokizunguka wamo ndani yake. Tulikumbuke fundo hili, maana sura ya 5 italitumia tena kwa shabaha kubwa zaidi.

Tafsiri ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tumeisikia tangu utotoni, ilipofika hapa ililazimika kuchagua, na uchaguzi wake unastahili kuhakikiwa kama sehemu ya umbo. Kwa Kigiriki neno ni moja, kwa Mungu na kwa wazee: wote wameketi juu ya *thronos*. Kiswahili cha Muungano kiliwapa wazee viti, kikamwachia Mungu kiti cha enzi. Hapo kuna hasara. Asili inathubutu kusema kwamba mwenye enzi amewapa wengine viti vya namna ileile, na kwamba enzi hii haioni haya kushirikisha. Tafsiri imelinda heshima ya Mungu kwa kuwashusha wazee daraja.

Lakini kuna faida ambayo hata Kigiriki hakina. Katika Lamu, Pate na Mombasa, kiti cha enzi kilikuwa kitu cha kushikika: kiti kirefu cha mpingo, mgongo umesimama wima, kimenakshiwa kwa vipande vya pembe, kikiwekwa kwa ajili ya mkubwa au mgeni wa heshima. Tena neno enzi, lililotoka katika Kiarabu, ndilo limejificha ndani ya Mwenyezi, yaani mwenye enzi. Basi wenye uhai wanapomtaja Bwana Mungu Mwenyezi, sikio la Kiswahili linasikia kiti na aliyeketi vikiitana kwa mzizi mmoja. Kigiriki kina maneno mawili yasiyo na undugu hapo, *thronos* na *pantokrator*. Kwetu, kukitaja kiti ni kuanza kulitaja jina.

Kuna neno jingine la mapambo ya kifalme ambalo watafsiri wetu walilishika kwa uangalifu. Wazee wamevaa taji, na kwa Kigiriki taji hizo ni shada la mshindi, lile la mwanariadha na la mwanajeshi. Joka la sura ya 12 na mnyama wa sura ya 13 wanavaa kitu kingine, kitambaa cha kichwani cha wafalme, na Muungano ukakiita kilemba. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, ila ndiyo inayobeba siasa ya kitabu. Wenye vilemba wameving'ang'ania. Wenye taji wanazivua na kuzitupa mbele ya kiti. Wasikilizaji wa kwanza, makanisa saba ya jimbo la Asia chini ya Roma, walilijua tendo hilo. Tacitus anasimulia jinsi Tiridates, mfalme wa Armenia, alivyoivua taji yake mwaka 63 na kuiweka mbele ya sanamu ya Nero. Suetonius anasema Domitian, ambaye kwa ushuhuda wa Irenaeus ndiye aliyekuwa akitawala Yohana alipopata maono, alipenda kuitwa bwana na mungu. Wazee wanapoimba mwishoni mwa sura ya 4, wanayatumia majina hayohayo mawili, na kuyapeleka kwa mwingine. Yohana hamtaji Kaisari hata mara moja. Anaihamisha tu adabu ya ikulu yake, ishara kwa ishara, mpaka Kaisari anabaki hana cha kupewa.

Sasa tutazame njeo. Sura ya 4 haina tukio. Wenye uhai hawanyamazi mchana wala usiku. Wanaposifu, wazee huanguka, humsujudia, huzitupa taji. Kiambishi hu- cha tafsiri yetu kimeisoma sura vizuri: haya ni mazoea ya mbinguni, hayana jana wala kesho. Kama kitabu kingeishia hapo, tungekuwa na enzi iliyo kamili na isiyosogea, nzuri kama sanamu.

Sura ya 5 inaingiza -ka-. Katika mkono wa kuume wa aliyeketi, na mkono huo ndio kiungo pekee cha mwili wake tunachopewa katika sura zote mbili, kuna kitabu chenye mihuri saba. Malaika anauliza nani anastahili kukifungua. Mbinguni, duniani, chini ya nchi, hapatikani mtu. Yohana analia sana. Machozi hayo ndiyo tukio la kwanza la kibinadamu kuingia katika baraza hilo la mazoea, na kuanzia hapo hadithi inakwenda: mzee akamwambia, akaona, akaja, akakitwaa.

Kati ya mzee kunena na Yohana kuona ndipo penye ufundi mkuu wa maono haya. Anachosikia ni Simba, wa kabila la Yuda, aliyeshinda. Anachoona ni Mwana-Kondoo. Simba haonekani, si hapo wala baadaye; amebaki sikioni. Yohana haelezi kwamba yule ndiye huyu, wala hamkosoi mzee. Anaviweka vitu viwili bega kwa bega, sauti na picha, na kumwachia msomaji kazi ya kuviunganisha. Na picha yenyewe imejengwa kwa hali mbili zinazokatana: amesimama, tena ni kama aliyechinjwa. Kiswahili kinafaa sana hapa, kwa sababu -me- hubeba tendo lililokwisha ambalo hali yake ingalipo. Aliyechinja mnyama anajua kwamba amechinjwa na amesimama havikai katika sentensi moja. Hapa vinakaa. Na mahali alipo huyu? Katikati: lile fundo la sura ya 4 linarudi, na aliye na alama ya kisu shingoni ndiye aliyesimama kwenye kitovu ambacho ngurumo zilikilinda. Yohana alikiacha kiti bila sura kwa ukurasa mzima ili sura ya kwanza tutakayoiona pale iwe hii.

Baada ya hapo nyimbo zinapanuka kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Kuna nyimbo tano katika sura hizi mbili. Wa kwanza ni wa wenye uhai wanne, nao wanamtaja Mungu kama mtu wa tatu. Wa pili ni wa wazee, nao wanamwambia wewe; sababu ya sifa ni uumbaji. Wa tatu wanauimba pamoja kwa Mwana-Kondoo, na sababu sasa ni damu. Wa nne ni wa malaika elfu kwa maelfu, na sifa ambazo kwa wazee zilikuwa tatu zimefika saba. Wa tano ni wa kila kiumbe, mbinguni, duniani, chini ya nchi na baharini. Sehemu ni nne, na sifa ni nne, kana kwamba kila pembe ya ulimwengu imeleta yake. Kadiri duara linavyopanuka, kiti kinatajwa kwa uchache: mara 14 katika sura ya 4, mara tano tu katika sura ya 5. Waimbaji ndio sasa wanaotuonyesha kilipo.

Aya ya mwisho haikitaji kiti kabisa. Wenye uhai wanasema neno moja, Amina. Wazee wanaanguka. Na hapa Muungano, ukiifuata asili kwa uaminifu, umeandika kitenzi ambacho mwalimu wa sarufi angekitilia alama ya kuuliza. Katika sura ya 4 wazee humsujudia, kitenzi kina kiambishi cha mtendewa, tunajua ni nani. Mwishoni mwa sura ya 5 wakasujudu, basi. Hakuna -m-, hakuna -ia. Katikati ya baraza wako wawili sasa, aliyeketi na aliyesimama, na kiambishi kimoja kingelazimika kumchagua mmoja wao. Kitenzi kimekataa kuchagua.