Mwalimu Anayehesabu Kura kwa Sauti

Tazama ratiba ya shule nyingi za Tanzania, utakuta hisabati na Kiingereza zimepewa asubuhi, vichwa vikiwa bado vyepesi. Uraia husukumwa mchana, baada ya ugali na maharage, bati likiwaka jua na nusu ya darasa ikisinzia. Mwalimu wake mara nyingi ni yule aliyekutwa na vipindi vichache: wa historia, wa Kiswahili, wakati mwingine wa michezo. Inadhaniwa kwamba somo hili halina ufundi. Yeyote ajuaye kusoma atawaandikia watoto ubaoni mihimili mitatu ya dola na maana za rangi za bendera, watakariri, watajibu mtihani, basi. Mimi naona hakuna somo linalodai ustadi kuliko hili, na naandika kuwasifu wachache wanaoliweza.

Jina la somo hili limebadilika mara nyingi. Enzi za chama kimoja liliitwa Siasa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 likawa Uraia, baadaye katika shule za msingi likaongezewa Maadili, na mitaala mipya imetuletea Historia ya Tanzania na Maadili. Kila jina lilikuja na picha ya raia ambaye wakubwa wa wakati huo walimtaka. Mwalimu amebaki palepale na chaki yake, mbele ya watoto themanini.

Mwalimu mmoja wa darasa la sita ninayemfahamu haanzi mada ya uchaguzi kwa kuandika “Maana ya uchaguzi”. Huanza kwa kutangaza kwamba nafasi ya kiranja wa darasa iko wazi. Boksi tupu la chaki hutobolewa tundu juu. Karatasi za daftari hukatwa kwa rula zilingane, ili kura isitambulike kwa umbo lake. Khanga hufungwa kati ya kabati na dirisha, kikapatikana kituturi. Kila mgombea huleta mawakala wawili. Kabla ya kura ya kwanza kuingia, mwalimu hulipindua boksi juu chini, hulitikisa, hulipitisha safu kwa safu kila mtoto achungulie ndani na kuona kuwa hamna kitu. Mgeni anayeangalia hudhani ni mchezo wa kuigiza. Watoto hawacheki hata kidogo.

Ufundi wenyewe huonekana wakati wa kuhesabu. Karatasi hufunguliwa moja moja, hunyanyuliwa juu ili wa nyuma waione, na jina husomwa kwa sauti. Mtoto mmoja huchora vijiti ubaoni, kila vitano fungu lake. Siku niliyoketi nyuma ya darasa hilo, ilitokea karatasi yenye majina mawili, moja limekatwa mstari usiokolea. Wakala wa upande mmoja akadai imeharibika, wa pili akasema aliyeandika alijisahihisha. Mwalimu angeweza kukata shauri kwa neno moja, na kengele ilikuwa karibu. Akauliza tu, “Aliyeandika alitaka nani? Mnaiona nia yake?” Wakabishana dakika kumi nzima, kwa hoja ambazo wasimamizi wa vituo vya kweli hubishania usiku wa manane kwa mwanga wa taa ya chemli.

Kisha likaja kubwa zaidi. Vijiti vilipojumlishwa, kura zilizidi idadi ya watoto kwa moja. Wengi wakasema tuendelee, aliyeongoza ameongoza kwa mbali, kura moja itabadili nini? Mwalimu akaiweka chaki mezani. “Kama moja imeingia bila mwenyewe, mnajuaje kuwa ni moja tu?” Darasa likanyamaza. Mwishowe watoto wenyewe wakaamua kurudia. Aliyekuwa akiongoza alinuna, akapiga kura tena, akashinda tena.

Baada ya hapo ndipo vitabu vilipofunguliwa. Akawasimulia uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu kurudi kwa mfumo huo, ambapo vifaa vilichelewa na mambo yakavurugika Dar es Salaam hadi matokeo ya majimbo yote saba ya jiji yakafutwa na kura kupigwa upya Novemba. Akawapeleka Zanzibar, Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alipotangaza kuufuta uchaguzi wote, ukarudiwa Machi 20, 2016 bila upinzani mkuu kushiriki. Akawavusha mpaka Kenya, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo lilikuwa halijatokea popote Afrika. Chaguzi tatu zimefutwa, kila moja kwa namna yake. Nani alifuta? Kwa mamlaka gani? Alieleza sababu zake mbele ya nani? Watoto waliokwisha kufuta uchaguzi wao wenyewe dakika ishirini kabla hawahitaji kusukumwa wayaulize maswali hayo. Mmoja aliuliza la kwake: ikiwa Kenya walirudia Oktoba na mpinzani mkuu akajitoa, mahakama ilisaidia nini? Mwalimu hakulijibu. Alilinakili pembeni mwa ubao na kuliacha hapo wiki nzima.

Watu hudhani kazi ya mwalimu wa uraia ni kuwapandikiza watoto mapenzi ya nchi. Mapenzi hayo wanayo tayari. Waangalie Taifa Stars ikicheza. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya kudai kuona. Mwalimu stadi huwajengea mazoea hayo kwa vitu vidogo vinavyoshikika, na Afrika Mashariki ina hazina ya vitu hivyo kama huoni uvivu kuitafuta. Chukua Fomu 34A ya Kenya, karatasi ambayo matokeo ya kura za urais huandikwa katika kila kituo na kutiwa saini na mawakala. Mwaka 2022 tume yao iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti, zaidi ya 46,000, wazi kwa yeyote mwenye intaneti, awe Kisumu au Tanga. Mwalimu akichapisha fomu tano tu, ana kipindi kizima mkononi. Kura halali jumlisha zilizokataliwa, linganisha na waliosajiliwa, tazama kama saini zipo. Ni hesabu za darasa la nne, ila safari hii jibu lake lina uzito wa nchi.

Historia nayo hudai mkono mwepesi. Ni rahisi kuwaambia watoto kwamba enzi za chama kimoja hapakuwa na uchaguzi, au kwamba mambo yalikuwa mazuri kuliko sasa. Mwalimu mvivu huchagua mojawapo. Fundi huwachorea ubaoni jembe na nyumba, alama walizopewa wagombea wawili wa TANU waliopambanishwa katika jimbo moja mwaka 1965. Huwaeleza kwamba mwaka huo wapiga kura walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Kisha huwaeleza kwamba wote wawili, wa jembe na wa nyumba, walikuwa wa chama hichohicho, na kwamba kwa urais jina lilikuwa moja, ukisema Ndiyo au Hapana. Baada ya hapo huketi na kuwaacha wapime. Hupata majibu ambayo wizara haikuyaandika katika mwongozo wa mwalimu.

Kuna mada moja ambayo, laiti ningekuwa na madaraka, ningeamuru kila shule ya sekondari ipewe wiki mbili kuijadili: Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimpa Jaji Mkuu Francis Nyalali kazi ya kukusanya maoni ya wananchi, tubaki na chama kimoja au turuhusu vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka uliofuata Katiba ikabadilishwa. Liweke jambo hilo mbele ya vijana wa kidato cha tatu uone moto. Wapo watakaosema wengi wape, kwa nini wachache wakasikilizwa? Wapo watakaojibu kwamba haki ya mtu ya kujiunga na chama akipendacho haiwezi kupigiwa kura na jirani yake. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Lakini nimewahi kumsikia binti mmoja akitetea wale asilimia 80 kwa hoja nzito hivi kwamba nilijiona nimeanza kuyumba, na mwalimu wake, ambaye nijuavyo haafikiani naye, alimpa alama zote.

Hapo tumefika kwenye sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii. “Mwalimu, wewe ni wa chama gani?” Swali hilo haliepukiki. Mwalimu ni raia, ana kadi yake ya mpiga kura, na siku ya uchaguzi huenda ndiye atakayeketi nyuma ya meza katika darasa hilohilo lililogeuzwa kituo, kwa kuwa tume zimezoea kutegemea walimu na majengo ya shule. Akitaja chama, nusu ya darasa itamfuata ili kumfurahisha na nusu nyingine itafunga masikio. Akikwepa kwa woga, watoto watanusa woga huo na kujifunza kwamba siasa ni jambo la kunong’onwa. Niliowaona wakilimudu swali hili hutabasamu na kusema, “Kura yangu ni ya siri, kama yako itakavyokuwa ukifika miaka 18.” Kwa sentensi moja wamefundisha Ibara ya 5 ya Katiba na wakajitendea haki wao wenyewe. Kukaa katikati namna hiyo ni kazi ya refa anayeshabikia timu moja tangu utoto na bado akaipigia penalti.

Na kuna siku katikati hapakaliki kwa raha. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ulioandamana na maandamano, vifo, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, walimu wa uraia walirudi mbele ya watoto wenye maswali ambayo hayamo katika kitabu. Simlaumu aliyenyamaza; ana familia na ana mwajiri. Namvulia kofia aliyeweza kusema, “Haya tunayoyajua, haya bado yanabishaniwa, na hivi ndivyo Katiba inavyosema kuhusu uhai, maoni na mikusanyiko,” kisha akawafungulia kurasa hizo wazisome kwa macho yao.

Haki, kwa kweli, hazifundishiki kwa orodha. Orodha ipo, iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kutumika kudai haki mahakamani mwaka 1988, na mtoto hodari huikariri kwa usiku mmoja. Siku mbili baadaye ameisahau. Mpe badala yake kesi ya Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana kwa kawaida alisubiri 18. Gyumi aliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Katika kidato cha pili wasichana wengi wana miaka hiyohiyo, 14 na 15. Mwalimu akisoma vifungu hivyo kwa sauti, hana haja ya kuomba utulivu. Mara moja Ibara ya 13, ile ya usawa mbele ya sheria, inakuwa kitu ambacho binti wa watu amekishika mkononi akaingia nacho mahakamani, akatoka ameshinda.

Mitihani yetu haiwezi kuuona ufundi huu. Swali likisema “Taja sifa nne za raia mwema”, aliyekariri hupata nne kwa nne, na yule aliyebishania karatasi yenye majina mawili hana mahali pa kuandika alichojifunza. Mkaguzi hutazama andalio la somo na kutia saini. Ndiyo maana mwalimu wa namna hii hapandi cheo haraka kuliko mwenzake, na wengine huishia kuhamia masomo yanayoheshimiwa zaidi. Hasara hiyo tunaibeba wote, ila haionekani mpaka baada ya miaka kumi.

Wewe mzazi unayesoma haya, kuna jambo moja unaloweza kulifanya bila kusubiri mtaala mwingine. Kikao kijacho cha kuchagua wajumbe wa kamati ya shule, mwenyekiti akisema “wanaokubali waseme ndiyo”, nyoosha mkono. Omba karatasi na boksi, na omba watoto wa darasa la sita wapewe kazi ya kusimamia uchaguzi huo. Waache wakuonyeshe boksi likiwa tupu. Waache wasome kila kura kwa sauti, na matokeo yabandikwe mlangoni siku hiyohiyo.