Koitalel Katika Shajara ya Muuaji Wake

Kuna maandishi tunayoyaamini upesi kuliko mengine: barua ya mwanajeshi kwa watu wa kwao. Kiongozi ameuawa, askari yuko mbali na nyumbani, usiku anashika kalamu na kueleza alichokiona. Nani atamshuku? Lakini je, kama askari mwenyewe ndiye aliyefyatua risasi?

Hapo ndipo tunapokutana na *Kenya Diary*, kitabu cha Richard Meinertzhagen kilichochapishwa mwaka 1957. Ni shajara, si barua, ila inasomeka kama barua ndefu ya kwenda Uingereza, ikieleza miaka ya 1902 hadi 1906, mwandishi alipokuwa ofisa wa King's African Rifles huku kwetu. Ndani yake imo tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyouawa Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, kwenye mkutano ulioitwa wa amani huko Nandi Hills. Koitalel alikuwa amewaongoza watu wake kupinga reli na utawala wa Mwingereza kwa takriban miaka kumi.

Kila kitu katika simulizi hiyo kinategemea salamu. Siku hizi Mkenya akisikia "handisheki" anawaza siasa za 2018. Ya 1905 ilikuwa na damu. Meinertzhagen anadai alikuwa ametegewa mtego, na kwamba alipiga risasi kujiokoa. Wazee wa Kinandi wanasimulia kinyume: Koitalel alikuja kwa amani, akanyoosha mkono, akauawa mkono ukiwa bado kwenye mkono wa mgeni. Wenzake kadhaa waliuawa papo hapo.

Nani mkweli? Huhitaji kutoka nje ya kitabu ili uanze kutilia shaka. Kabla ya siku hiyo, mwandishi mwenyewe ameshaeleza kwamba dawa ya upinzani wa Wanandi ni kumkamata au kumuua kiongozi wao. Sasa mtu aliyekwisha kuandika nia yake anawezaje kufika kwenye mkutano halafu ashangazwe na mauaji? Mabaraza ya kijeshi yalimchunguza mara tatu na kumsafisha, ingawa mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Mabaraza hayo yalisikiliza ushahidi wa upande ulioshika bunduki. Sisi wasomaji hatuna sababu ya kusikiliza upande mmoja tu.

Halafu kuna suala la uaminifu wa kalamu yenyewe. Meinertzhagen alikuwa mtaalamu wa ndege aliyesifiwa sana, hadi watafiti wa miaka ya 1990 walipogundua kwamba baadhi ya ndege waliokaushwa katika mkusanyo wake walikuwa wa wizi, na maelezo ya mahali walikopatikana yalikuwa ya uongo. Shajara zake nazo zimepigwa taipu, na wachunguzi wanashuku kwamba aliziandika upya baadaye. Ndiyo maana nacheka kidogo ninapofika pale anapotabiri kwamba siku moja Waafrika watawaasi walowezi kwa sababu ya ardhi. Utabiri huo unadaiwa kuwa wa mwanzoni mwa karne, lakini umechapishwa 1957, wakati Hali ya Hatari bado inaendelea. Kwetu, utabiri ulikuwa kazi ya ma-orkoiyot. Babake Koitalel, Kimnyole, anakumbukwa kwa kutabiri nyoka wa chuma kabla reli haijafika. Ni kama kwamba askari, baada ya kumuua mtu, alitaka kurithi na kipaji chake.

Tazama pia neno analomwitia Koitalel: "laibon". Hilo ni neno la Kimaasai. Hakuibuni yeye matumizi hayo, Waingereza wengi waliyatumia, lakini neno likishaingia kwenye ripoti huwa na miguu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa "Laibons", na watu wa ukoo wa Talai wapatao 700 wakahamishwa kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watu waling'olewa makwao chini ya jina ambalo si lao.

Kwa nini haya yatuhusu huku Ndanai, kwenye ng'ombe wa maziwa na majani chai ya Sotik? Kwa sababu mwaka huohuo wa 1905, miezi michache kabla ya Koitalel kuuawa, jeshi lilitumwa kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik, kisa kikiwa ng'ombe na mateka wa Kimaasai. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 1,850, wakiwemo wanawake na watoto. Baadaye ardhi ya Sotik ikapewa walowezi. Lakini mauaji hayo hayana shajara maarufu, na ndiyo maana kijana wa hapa anaweza kumaliza shule akimjua Koitalel bila kujua kilichotokea chini ya miguu yake. Muuaji asipoandika, hata kifo chenyewe kinakosa ukurasa.

Je, kitabu kisomwe? Kisomwe, tena kwa makini. Meinertzhagen ana jicho kali, hasa kwa wanyama. Hata yule nguruwe mkubwa wa msituni anaitwa kwa jina lake katika sayansi. Ila tumsome kama tunavyomsoma msimulizi wa riwaya ambaye ana jambo la kuficha: anasema nini, anamwambia nani, na anaruka wapi haraka haraka?

Fimbo za Koitalel alizozichukua zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Jibu la barua yake bado halijaandikwa vya kutosha. Wewe ambaye nyanya yako au guka wako bado anasimulia habari za Sotik, simu unayosomea makala haya ina kinasa sauti. Rekodi, halafu uandike.