Penseli, Rula na Bei ya Dhahabu

Wiki ya soko la dhahabu hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa saa za New York. Iringa wakati huo ni saa sita au saa saba usiku, kutegemea majira ya huko. Mwalimu hakeshi kuisubiri. Hulala, akaamka Jumamosi, akafuta meza kwa kitambaa kikavu, ndipo akakunjua karatasi zake.

Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Kihesa. Mpwa wake anachimba Makongolosi, wilayani Chunya, katika ukanda wa Lupa uliovuta watafuta dhahabu tangu miaka ya 1920. Mchoro ulianza kwa ajili ya huyo kijana. Simu janja ingeweza kuuchora kwa sekunde moja, na Mwalimu anajua hivyo. Simu anaitumia kuchukulia namba tu.

Karatasi ni za grafu, mbili kwa kimo, zimeungwa kwa selotepu nyuma ili mbele pasiwe na kikwazo kwa penseli. Kwa upana zinaendelea mwaka baada ya mwaka, kila wiki milimita mbili, hadi zimekuwa bunda la kukunja. Pembeni kushoto ndipo ualimu wake unapoonekana. Bei hazikupangwa kwa nafasi sawa. Kutoka dola 200 hadi 400 ni sentimita 12. Kutoka 400 hadi 800, sentimita 12. Kutoka 1,600 hadi 3,200, sentimita 12 zilezile. Alipima kwa kitabu cha majedwali ya logi alichofundishia. Aliyenunua kwa 400 akauza kwa 800 amepata sawa na aliyenunua kwa 1,600 akauza kwa 3,200, na macho yanapaswa kuliona hilo bila kufanya hesabu. Kwa kipimo cha kawaida, miaka ya mwanzo, dhahabu ilipokuwa chini ya dola 300 kwa aunsi, ingelala chini kama mstari usio na uhai.

Kisha mshumaa wa wiki. Unahitaji namba nne: bei ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Ya kufungulia na ya kufungia hufanya mwili. Mbili zilizobaki hufanya utambi, juu na chini. Wiki ya kupanda mwili huachwa mweupe, ya kushuka hutiwa penseli nyekundu. Uchoraji huu unahusishwa na wafanyabiashara wa mchele wa Japani wa karne ya 18, nami naona umefika mahali pake, nyanda hizi zinazokula mchele wa Kyela na Usangu.

Baada ya hapo huja wastani wa wiki 40. Hajumlishi upya namba zote. Ana daftari lenye jumla ya wiki iliyopita: anatoa bei kongwe, anaongeza mpya, anagawa kwa 40, anaweka nukta. Kila wiki ya kumi hujumlisha zote tangu mwanzo, kuhakikisha kosa dogo halikuingia likatembea naye.

Lakini kazi yenyewe hasa ni mstari wa dari. Agosti 2020 utambi uligusa karibu 2,075 ukarudi. Machi 2022 ukafika karibu hapohapo, ukarudi. Mei 2023 tena. Mwalimu alipitisha mstari kwa penseli ngumu ya 2H, mwembamba mno hivi kwamba nililazimika kuinamisha kichwa kuuona. Desemba 2023 bei iliruka juu ya 2,100 kwa saa chache, na wengi walishangilia. Wiki ile ilifungwa chini ya mstari. Mwalimu alichora utambi mrefu, hakugusa kitu kingine. Masharti yake ni mwili mzima juu ya mstari, kuanzia kufungulia hadi kufungia. Wiki iliyoishia tarehe 8 Machi 2024 ilifungwa karibu na 2,180, mwili wote juu. Ndipo alipochukua penseli laini, akaukoleza mstari ule kwa mara moja, mkono haukusita. Mwaka mmoja baadaye dhahabu ilivuka 3,000. Oktoba 2025, 4,000.

Madini ya fedha yamo humohumo kwa wino wa bluu, dola 4 zikiwa zimelazwa sawasawa na 200 za dhahabu. Mistari ikikutana, aunsi moja ya dhahabu inanunua 50 za fedha. Ikiachana, anapima pengo kwa bikari. Machi 2020 pengo lilifika kama sentimita 15, yaani karibu aunsi 120. Aprili 2011 fedha ilikuwa imepanda juu ya dhahabu kwa sentimita 7 hivi. Kugawanya kumegeuka kuwa kupima urefu; sijaona matumizi ya logi yaliyonipendeza kuliko haya.

Wapo wataalamu wasioamini kwamba bei za jana zinasema lolote kuhusu kesho, na Mwalimu habishani nao. Mpwa alipopiga simu, shikamoo Mjomba ikaitikiwa, akauliza auze Jumatatu kwenye soko la madini la Chunya au angoje. Mwalimu aligawa bei kwa 31.1035 kupata ya gramu, akapunguza kwa usafi wa dhahabu ya kijana, akamsomea. Akamsomea na wastani, na mstari wa karibu ulio chini. Halafu akamwuliza deni la dizeli linadaiwa lini.