“Kaza Mpaka Ikatae”: Somo la Spana Tuliloliacha Njiani

Umeshamwona fundi akimalizia kufunga tairi kwa kupanda juu ya wili spana? Anashika bodi ya gari, anaruka mara mbili tatu, nati inalia, anashuka ameridhika. “Hiyo haitoki, bosi.” Kweli haitoki. Shida ni kwamba kutotoka peke yake hakutoshi.

Nataka kuikosoa kauli hiyo ya “kaza mpaka ikatae”, ila nianze na sisi tuliosoma fizikia. Darasani tulifundishwa momenti ya kani kwa mfano wa spana: kani mara umbali, kwa hiyo mpini mrefu hurahisisha kazi. Tukajibu mtihani, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza swali la pili: uache lini? Dereva anayechomeka bomba kwenye spana ili apate mpini wa mita nzima amelielewa somo letu vizuri kabisa. Sisi ndio tuliliacha njiani.

Sehemu iliyobaki ni hii. Stadi, yaani ile bolti inayotokeza kwenye habu, ni kama springi ngumu mno. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, jicho halioni, na kwa kutaka kurudi urefu wake inaibana ringi kwenye habu. Mbano huo unaleta msuguano, na msuguano ndio unaozuia ringi isiteleze. Yaani ringi haitakiwi kuning’inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Nati ikilegea, ringi inaanza kucheza, stadi zinapindwa huku na huku kila tairi linapozunguka, mwishowe zinachoka na kukatika. Ukizidisha nako, stadi inapita kikomo cha mnyumbuko na kubaki imerefuka, kama springi ya kalamu iliyochezewa na mtoto. Kwa nje unaona nati imekaza. Stadi inaweza kukatika siku nyingine kabisa, kwenye shimo la barabarani, fundi hayupo.

Hebu tupige hesabu. Kwa Corolla na Toyota nyingine nyingi ndogo, nati za tairi hukazwa kwa torki ya 103 Nm. Kwa stadi ya milimita 12, makadirio ya kawaida ya kihandisi yanatoa mbano wa karibu 43,000 N kwa kila nati, sawa na uzito wa zaidi ya tani nne. Sasa mtu wa kilo 70 asimame kwenye ncha ya mpini wa sentimita 35: 70 × 9.8 × 0.35 ni kama 240 Nm. Ni zaidi ya mara mbili, na bado hajaruka!

“Basi anunue spana ya torki,” utasema. Ni kweli inasaidia, lakini nayo inapima jinsi nati inavyozungushwa, haipimi stadi imevutika kiasi gani. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu ya jitihada yako inayoishia kuivuta stadi. Kiasi kikubwa kinaliwa na msuguano chini ya nati na kwenye meno yake. Meno yakiwa na kutu, spana inakwambia tayari wakati mbano haujatosha. Yakiwa na oili, namba ileile inavuta stadi kupita kiasi. Ndiyo maana meno yasafishwe kwa brashi ya waya, na usipake oili kama kitabu cha gari hakijasema.

Tena tumtendee haki fundi. Tairi likichomoka, lawama ni yake. Nati ikikataa kufunguka usiku umepata pancha porini, utahangaika mwenyewe. Kwa upande wake, kuzidisha ndiyo salama. Kumwambia “unakosea” bila kumwonyesha cha kufanya ni dharau tu.

Cha kufanya kipo. Tafuta namba ya gari lako kwenye kitabu chake, na usiichanganye na ile ya nati kubwa ya katikati ya habu, ambayo kwenye magari mengi hupita 200 Nm. Kama huna spana ya torki na mpini wako ni sentimita 30, 103 Nm inahitaji kani ya kama 343 N, yaani uzito wa kilo 35. Hiyo ni pungufu ya mfuko wa saruji. Egemea kwa mikono taratibu, usipande. Kaza nati kwa kurukaruka kama unachora nyota, umalizie jeki ikiwa imeshuka. Haya ni makadirio ya kukufikisha gereji tu: huko zipimwe kwa spana ya torki, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na kama wewe ni mwalimu wa fizikia, siku ya somo la spana ongeza swali moja tu ubaoni: uache lini?