Mpira Mmoja wa Moto, Mmoja wa Baridi

Fundi aliniomba gari lilale kwake. "Nataka niliwashe asubuhi likiwa limepoa, dada," alisema, akaifunga boneti aliyokuwa ameifungua muda mfupi tu.

Nilikuwa nimeshapita gereji mbili. Ya kwanza walibadilisha plagi. Ya pili walikaza skrubu moja, mshale wa mizunguko ya injini ukatulia siku tatu kisha ukarudia mchezo wake, wakaniambia ninunue kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini. Mchezo wenyewe wengi wenye Corolla ya miaka ya 1990 wanaujua: umesimama kwenye foleni, hujakanyaga mafuta, injini inajipandisha hadi mizunguko 1,800, inaporomoka karibu na kuzima, inapanda tena. Mafundi wetu huuita mngurumo wa gari lililosimama sailensa. Nalipenda neno hilo. Injini nzima ikizunguka mara 750 hivi kwa dakika, silinda zikipokezana moto kwa zamu ya 1-3-4-2, hata ukiegemea mlango husikii inavyohangaika.

Saa moja asubuhi nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya boneti iliyo wazi, hana spana mkononi. Akawasha. Mshale ukasimama juu kidogo ya 1,500, ukatulia hapo. "Fundi, limepona?" Akatikisa kichwa. Injini baridi hupewa hewa ya ziada, akanieleza, na kadiri maji yanavyopata moto hewa hiyo hupunguzwa. Tukasubiri. Dakika sita, saba, mshale haukushuka hata kidogo. Kisha ghafla ukaanza kupanda na kushuka. Fundi akatabasamu kama mtu aliyemwona mgeni wake akiingia.

Kwa nini ianze ikishapata moto tu? Hapo ndipo nilipouelewa ugonjwa wenyewe. Injini ikiwa ya moto na throto imefungwa, mizunguko ikiwa mingi, kompyuta huamini unateremka mlima wa Kitonga na mguu umeutoa kwenye mafuta, kwa hiyo inakata petroli. Mizunguko ikianguka, inairudisha. Hewa isiyotakiwa ikaipandisha tena, nayo ikakata tena. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na mimi nilikuwa nimebakiza kidogo tu niinunulie mwenzake.

Hata hivyo aliiuliza. Kwenye kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS aliunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi, tukaiangalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ingepepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ingekuwa 22, sensa ya joto la maji. Ilipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja. Kompyuta haikuwa na la kulalamikia.

Basi hewa ilikuwa inapita wapi? Alichukua mpira mwembamba wa urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza pole pole kandokando ya gasketi ya manifodi na kwenye kila kiungo, akisaka mluzi. Aliubana mpira wa hewa wa breki kwa koleo lililofungwa kitambaa. Hakuna kilichobadilika. Nilimwuliza tatizo ni nini. "Sijui bado," akasema, bila haya yoyote. Ile "bado" ndiyo iliyonifanya nimwamini. Gereji zile mbili hawakuwahi kuniambia kwamba hawajui, na kila walichokijua nilikilipia.

Kisha akatoa mpira wa ekilina na kuingiza kidole gumba kwenye mdomo wa throto, akaziba kijitundu cha pembeni ambako hewa ya sailensa hupita. Injini ikashuka papo hapo, ikatulia. Akatoa kidole, ikaruka. Hakusema kitu. Akapeleka mkono chini ya throto, kwenye mipira miwili midogo ya maji, akanishika kiganja na kukiweka pale. Mmoja ulikuwa wa moto, nusura niungue. Mwingine ulikuwa wa baridi.

Maji hayakuwa yanapita. Vali inayopunguza hewa hiyo huhisi joto la maji hayo, nayo ilikuwa imekaa miaka ikiamini ni alfajiri. Alipoifungua, njia ilikuwa imezibwa na tope la kutu: nilikuwa nikijaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti. Aliisugua kwa mswaki mkuukuu hadi shaba ikaonekana, akaweka gasketi mpya, akajaza kulanti, akaegesha gari pua ikitazama mlimani ili hewa iliyonaswa itoke.

Akawasha. Ikapata moto, ikashuka, ikazima.

Moyo wangu ulidunda, wake haukudunda. Akaigusa ile skrubu ya gereji ya pili. Walikuwa wameifunga ili kuficha hewa iliyozidi, na sasa hewa imerudi kiasi chake, injini inakosa pumzi. Akaifungua robo mzunguko, akasikiliza, akaongeza kidogo mno, akasikiliza tena. Alisubiri feni iwake, izime, iwake tena. Mwisho akawasha taa zote na kipupwe. Mshale ukainama upana wa unywele, ukarudi mahali pake.

"Haya dada," akasema, akijifuta mikono. "Sasa ndo sailensa."