Sarafu Isiyo na Jahazi

Sisi watu wa Ruaruke tunaishi jirani na delta ya Rufiji, na chombo cha majini kwetu si pambo. Ndiyo maana picha ya sarafu ya fedha ya Sidoni, mji wa Wafoinike, hainihitaji mfasiri. Upande mmoja ipo merikebu ya makasia juu ya mawimbi. Upande wa pili yupo mfalme katika gari la farasi. Sarafu za namna hiyo zilipigwa tangu karne ya 5 Kabla ya Kristo. Wataalamu wengi humtambua mfalme yule kuwa ni wa Uajemi, aliyekuwa bwana wa Sidoni. Basi picha yasema kweli mbili: bahari ni yetu, lakini enzi ni ya mwingine.

Sasa, msomaji, tuiweke kando yake sarafu ya shaba ya Kilwa, ambayo imeokotwa hata Kisimani Mafia, mkabala na delta yetu. Kilwa nayo iliishi kwa bahari. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake, na Ibn Battuta alifika huko kwa chombo mwaka 1331. Lakini katika sarafu zake hamna jahazi wala sura ya mfalme. Kuna maandishi ya Kiarabu tu.

Wapo waonao kwamba huo ni upungufu wa ufundi. Mimi nakataa, maana tukiikubali hukumu hiyo tutawarithisha watoto wetu dharau kwa kazi ya wazee wao. Sarafu ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja. Upande wa pili yasema kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila, na neno la mwisho, minan, lapatana kwa kina na Hasan. Pande mbili zimekuwa ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Huwezi kuumaliza mpaka uigeuze sarafu. Huo ni ushairi uliokaa kiganjani mwa mchuuzi.

Hata hivyo, sifa isitufumbe macho. Sarafu ya Sidoni humtukuza mfalme, lakini makasia yake yatukumbusha kuwa wapo wavutaji. Ya Kilwa imemtaja sultani na Mola wake. Baharia, fundi wa mtepe na mkata boriti hawamo. Kwa uzuri wa neno, naipa Kilwa ushindi. Kwa kuwakumbuka watu wa majini, Sidoni imetangulia, japo pengine bila kukusudia.